Nilivyokiokoa Chama cha Birika

Jumatatu, 19 Septemba

Wiki ya sita tangu tupigwe. Sikutaka kuliandika neno hilo, lakini Wakili Millicent, kinara wetu, amelitumia leo mara nne kikaoni, na yeye ni mtu wa kuchagua maneno. Tuliingia uchaguzini na wabunge sita na madiwani ishirini na wawili. Tumetoka na diwani mmoja. Mmoja! Bi Fatema, ambaye kampeni yake yote aliifanya kwa miguu, bila hata gari la spika. Wakili mwenyewe amepoteza kiti cha ubunge alichokikalia miaka kumi. Mimi niligombea udiwani nikapata kura mia moja na nne. Musembi, kiongozi wetu wa vijana (ana miaka hamsini na mbili), alipata tisini na saba. Namshukuru Mungu kwa zile saba.

Kikao kilikuwa ofisini, Hurlingham. Wakili akasema kuna njia tatu. Ya kwanza, tujiunge na walioshinda, watumeze. Ya pili, tukivunje chama kwa heshima na kila mtu aende kwake. Ya tatu, tubaki, tuanze upya kutoka chini kabisa, bila magari na bila makelele. Wajumbe wataamua Jumamosi ya tarehe mosi Oktoba. Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba huenda siku hiyo hiyo akang'atuka, achaguliwe kinara mwingine.

Hapo masikio yangu yakasimama.

Taranjit, mweka hazina wetu, ambaye jengo hili ni la familia yake, akauliza nani anataka chai. Bi Fatema akasema twende kwanza tukawaulize wapiga kura walituacha kwa nini. Sote tukaagiza chai. Musembi alikuwa akiandika kitu kwenye daftari lake na kukifunika kwa mkono kama mtoto wa darasa la nne. Najua alichokuwa akiandika. Jina lake.

Mimi ni naibu katibu wa mipango. Miaka tisa, naibu. Katibu mwenyewe alihama chama mwezi Mei, akaenda na funguo za kabati, na bado mimi nikabaki naibu. Naibu wa nani?

Kinara Quincy Okinyi. Nimeliandika mara moja tu, nione linavyokaa. Linakaa vizuri.

Nashukuru sana kwa kushindwa huku. Tungeshinda, nafasi ingetoka wapi?

Jumatano, 21 Septemba

Mpango: kumsaidia Wakili ang'atuke mapema, kabla Musembi hajajipanga. Niliandaa hotuba ya dakika kumi. Nikaifanyia mazoezi mbele ya mke wangu Selpher akiwa anapiga pasi sare za shule za binti yetu Lavender. Ana duka la ushonaji pale Adams Arcade, naye pia ni mjumbe wa chama, tena mjumbe kuliko mimi, maana yeye huhudhuria. Hotuba ilikuwa na maneno "heshima", "mapumziko" na "wajukuu". Selpher akauliza kama najua kwamba Wakili hana wajukuu. Nikafuta wajukuu.

Nilifika Hurlingham saa nne asubuhi. Ofisi kimya. Wakili alikuwa ameketi sakafuni, viatu pembeni, ile ramani kubwa ya nchi ameibandua ukutani na kuitandika mbele yake. Ilikuwa na pini nyekundu kila mahali tulipokuwa na mgombea. Alikuwa akizing'oa moja moja na kuzitia kwenye kikombe.

Nikasafisha koo. Kabla sijatamka neno akainua uso.

"Quincy, wewe ndiye mtu wa kwanza kuja kuniona bila kuitwa."

Akasema simu yake imenyamaza tangu Agosti. Watu aliowatetea kortini huvuka barabara wakimwona. Juzi alikutana na meneja wake wa kampeni kwenye supamaketi, na yule bwana akajificha nyuma ya unga wa ngano. Wakili akacheka akisimulia hilo. Kisha nikaona kwamba hacheki tena.

Hotuba ilikuwa mfukoni. Niliigusa mara mbili. Mara ya tatu nikaenda kuchemsha maji. Nikapika chai, nikaitia tangawizi, nikaketi sakafuni na suruali yangu ya kikao, tukang'oa pini pamoja hadi saa saba mchana. Kila pini alijua jina la mtu. Huyu aliuza ng'ombe wake. Huyu mkewe alijifungua siku ya kupiga kura. Huyu alipata kura nane na akampigia Wakili simu kuomba msamaha.

Sijui kilichonipata. Nimerudi nyumbani na ua lake la ofisini ndani ya chungu, kwa sababu alisema mimi ni mtu wa kuaminika na pale litanyauka.

Mpango umeanguka kabisa. Lakini nashukuru kwa ile chai. Na nadhani nashukuru kwamba sikuitoa ile karatasi. (Nimeitunza. Ni hotuba nzuri.)

Ijumaa, 23 Septemba

Mpango mpya, mkubwa zaidi. Kama chama kitajiunga na walioshinda, lazima awepo mtu wa kukipeleka. Na mtu wa namna hiyo hasahauliwi. Hupewa bodi fulani, au ofisi yenye zulia. Kwa hiyo nimeandika barua kwenye karatasi yenye nembo yetu ya birika kwa mheshimiwa mmoja wa upande ule. Jina lake silitaji hata humu. Nikasaini: Kaimu Kinara. Huo si uongo. Ni kutangulia tu.

Nikaenda town mapema. Ofisi iko ghorofa ya tano. Foleni ilianzia ya nne! Watu kama arobaini, kila mmoja na bahasha yake ya kaki, nyuso zote nilizoziona kwenye mabango mwezi Julai. Mzee mmoja ambaye kwenye redio alikuwa akiwaita hawa watu fisi alikuwa wa pili kutoka mbele. Alinisalimia kwa adabu, akaniomba nimshikie nafasi aende msalani.

Ilipofika zamu yangu, sekretari hakuinua hata kichwa. Alichukua barua akaitupia kwenye boksi la karatasi za fotokopi, juu ya zingine nyingi. Nikamwuliza mheshimiwa ataisoma lini.

"Wewe enda tu nyumbani, mzee. Tutapiga simu."

Watapiga simu! Nikamshukuru mara tatu.

Nashuka ngazi, nafika ghorofa ya tatu, nani huyo anapanda? Musembi. Suti ya kijivu. Kitu kimefichwa ndani ya koti.

"Niaje, Quincy. Unafanya nini huku?"

Macho yangu yakaruka hadi mlango wa karibu. Daktari wa meno.

"Jino," nikasema.

"Hata mimi," akasema Musembi haraka haraka. "Jino."

Tukasimama. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuondoka. Mlango ukafunguka, mama wa mapokezi akatukaribisha ndani, tukaingia. Tungefanya nini?

Daktari ni mama mpole aitwaye Deepa. Nilimnong'oneza nikiwa nimelazwa kitini kwamba sina shida yoyote, nimeingia tu. Akachungulia. Akasema gego la nyuma limeoza hadi chini, na bahati yangu nimekuja leo, maana wiki moja zaidi ningeamka na uso kama papai. Akaling'oa! Musembi yeye alisafishwa tu. Aliambiwa meno yake ni mazuri ajabu kwa umri wake, jambo alilolirudia mara mbili kabla hatujafika ngazini. Hapo akakumbuka kwamba amesahau mwavuli, akapanda juu badala ya kurudi ndani. Sikufikiria sana. Ganzi ilikuwa imenifika sikioni.

Nimwambie nini Mungu wangu zaidi ya asante? Nilikwenda kusaliti chama, nikatoka nimetibiwa.

Jumamosi, 24 Septemba

Shavu limefura. Siwezi kusema. Uji tu. Selpher amesema nyumba haijawahi kuwa na amani namna hii tangu tufunge ndoa, akanipikia uji wa pili kwa furaha.

Saa tano Bi Fatema akapiga simu. Alitaka kuzungumzia hali ya chama. Mimi nikajibu, "Mmm." Akaeleza kwamba yeye anapinga kujiunga na walioshinda, kwa sababu watu wake hawakumchagua akawe mkia wa mtu. Nikasema, "Mmm." Akasema pia anaogopa. Kuwa diwani peke yake kwenye bunge la kaunti, bila mwenzake hata wa kumshikia mkoba, ni kama kwenda harusini ukakosa anayekujua. Nikasema, "Mmm," kwa huruma, maana kweli ilinigusa.

Alizungumza dakika arobaini. Mwisho akasema hakujua kwamba mimi ni msikilizaji mzuri hivi, na kwamba chama hakina msikilizaji hata mmoja. Akaniomba Jumatatu nimsindikize Dagoretti Corner, kuuliza watu walituacha kwa nini.

Nikasema, "Mmm!"

Sijawahi kusifiwa na diwani. Nalishukuru jino.

Jumatatu, 26 Septemba

Hii siku niiandike polepole.

Mpango wangu ulikuwa wa kawaida. Nilimwita binamu yangu Odero, mwenye simu ya kamera nzuri, asimame ng'ambo ya barabara anipige video nikisikiliza wananchi. Nilivaa shati jeupe. Nilitaka uso wa mtu anayeumwa na matatizo ya watu, na kwa kuwa shavu lilikuwa bado linauma, uso huo ulikuja wenyewe.

Bi Fatema alifika na daftari na kalamu. Hakuna spika, hakuna fulana za chama. Tukaanza kwa fundi mmoja wa kuchomelea mageti, Kiarie, mwenye kibanda kando ya barabara. Akatutazama. Akatuuliza tunajua tumewahi kufika hapo na gari letu la spika mara ngapi. Bi Fatema akakisia mara tano.

"Mara saba," akasema Kiarie. "Na kila mara mlisimama hapo juu ya mtaro, mkapiga kelele, mkaenda. Hakuna mtu wenu hata mmoja aliangalia chini."

Tukaangalia chini. Mtaro ulikuwa umeziba hadi juu. Kiarie akaeleza kwamba mvua ikinyesha maji huingia kibandani, na mashine ni ya stima. Mwezi wa Aprili shemeji yake alirushwa na umeme, mkono ukaungua, hadi leo vidole viwili havikunjiki. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayesoma taarifa ambayo ameisoma mara nyingi.

Nikainama nione kinachoziba. Na hapo nikajiona. Mimi! Uso wangu, nimetabasamu, ndani ya maji meusi. Chini yangu mimi mwingine. Chini ya huyo, Wakili Millicent, kisha birika, kisha mimi tena. Ni mabango yetu. Tuliyabandika kwenye mlingoti ulio juu ya mtaro, mvua ikayaangusha, na mtaro ukayameza yote.

Nikakunja mikono ya shati jeupe nikaanza kujitoa. Bi Fatema akafunga buibui kiunoni akashika koleo la Kiarie. Watu wakasimama kutazama. Mama mmoja wa kuuza viazi akasema, "Huyo si yule wa kwa hizo mabango?" na mwingine akajibu ndiyo, anajizoa. Wakacheka. Kisha wawili wao wakaja kusaidia. Kufikia saa nane maji yalikuwa yanapita. Kiarie akatazama yanavyokwenda. Halafu akatoa kigoda kutoka kibandani, akakipangusa kwa kitambaa, akaniambia, "Keti, mzee. Umechoka."

Niliketi. Nilitaka kulia, nadhani kwa sababu ya jino.

Jioni Odero akanipigia. Ile video ameiweka mtandaoni bila kuniuliza, na watu elfu tisini wameiona. Imeandikwa: Mwanasiasa Ajizoa Mtaroni. Elfu tisini! Agosti walinipa mia moja na nne!

Asante, Kiarie. Asante, mtaro. Sasa hakuna shaka yoyote. Nchi iko tayari kwa kinara mpya.

Jumatano, 28 Septemba

Kikao cha kutayarisha siku ya wajumbe. Hurlingham, saa tatu asubuhi. Nimeingia nikitarajia makofi. Taranjit kweli alinipigia makofi kidogo, akasema mama yake mzazi ameitazama video mara sita na anauliza yule bwana amepona shavu.

Tulikuwa katikati ya ajenda ya kwanza simu ya ofisi ikalia. Wakili alikuwa anaandika, kwa hiyo akabonyeza kitufe sote tusikie. Nikaijua ile sauti. Sekretari wa ghorofa ya tano!

Alisema anapiga kutoka ofisi ya mheshimiwa fulani. Wamepokea barua mbili kutoka chama chetu, siku moja, zote zikiomba kujiunga. Moja imesainiwa na Kaimu Kinara Quincy Okinyi. Nyingine imesainiwa na Kaimu Kinara Jonathan Musembi. Mheshimiwa anataka kujua kaimu wa kweli ni yupi, au chama kina birika mbili.

Nilitamani sakafu ipasuke. Nikamtazama Musembi. Mwavuli! Hakuwa na mwavuli wowote siku ile! Naye alikuwa akinitazama mimi kwa uchungu wa mtu aliyesalitiwa na mwenzake wa meno.

Wakili akajibu kwa upole kwamba chama hakina kaimu hata mmoja, akashukuru, akakata simu. Nikaanza kutunga maelezo: nilitekwa, saini ni ya kughushi, nilikuwa na ganzi.

Ndipo Wakili akaanza kucheka. Si kicheko cha kejeli. Alicheka hadi akavua miwani, hadi Taranjit akacheka, hadi Bi Fatema, ambaye ni mtu wa staha, akajifunika uso kwa mtandio. Wakili akapangusa macho akasema hajacheka hivi tangu Agosti. Halafu akafungua droo, akatoa karatasi iliyochanwa vipande vinne, akaipanga mezani. Ilikuwa barua. Ya kwake. Kwa mheshimiwa yule yule.

"Niliiandika siku tatu baada ya matokeo," akasema. "Nikaichana asubuhi. Lakini niliiandika. Kwa hiyo msijione nyinyi peke yenu."

Taranjit naye akakiri kwamba amepigiwa simu na upande ule mara mbili na hakukata. Bi Fatema peke yake ndiye hakuwa na la kukiri. Akasema angalau sasa tunazungumza ukweli, na kwamba watu wazima wanne wanaotaka kukimbia na bado wameketi pamoja, hicho ni chama.

Sikufukuzwa. Musembi hakufukuzwa. Adhabu yetu ni kuwaandikia wajumbe wote barua moja ya kuomba radhi, sisi wawili pamoja. Tumeiandika kwa saa tatu. Saa mbili na nusu zilikuwa za kubishana jina la nani litangulie. Tumekubaliana kufuata alfabeti. Yeye amejaribu kusema kwamba kwa alfabeti M hutangulia O. Kwa bahati mbaya ni kweli.

Lakini nimesamehewa! Mtu akikusamehe hivi, wazi, mbele za watu, maana yake anakuamini na makubwa zaidi. Nimeamua kugombea ukinara.

Selpher ameuliza kama nimesikia nilichosema.

Jumamosi, 1 Oktoba

Siku ya wajumbe. Ukumbi ulio jirani na Adams Arcade. Wajumbe sitini na sita, wengine wamesafiri kutoka mbali kwa nauli yao. Nilisimama mlangoni tangu asubuhi nikiwasalimia mmoja mmoja. Waliotaka tujiunge na walioshinda niliwaambia niko nao. Waliotaka tuvunje niliwaambia ninawaelewa sana. Waliotaka tubaki niliwakumbatia. Kufikia saa nne nilikuwa nimeahidiwa kura thelathini na nane. Niliziandika kiganjani.

Wakili akaaga. Hakuwa na karatasi. Alisema tulipanda juu sana, tukaanza kuwaona watu kama kura tu, nao walituona vizuri zaidi tulivyo. Aliomba radhi. Aliwataja wagombea wote kwa majina, pini baada ya pini, wote, bila kusahau hata yule wa kura nane, ambaye alikuwa ameketi nyuma kabisa na aliposikia jina lake akasimama wima kama askari. Nilipiga makofi hadi viganja vikauma, na zile kura zangu thelathini na nane zikafutika.

Kura ya kwanza, ya njia tatu. Kujiunga, kumi na tisa. Kuvunja, sita. Kubaki na kuanza upya, arobaini na moja. Watu wakaimba. Mimi pia niliimba. Niliimba kwa moyo wangu wote, nikasahau kabisa kwamba nilikuwa nimewaahidi wale kumi na tisa vingine.

Kura ya pili, ya kinara. Bi Fatema, ambaye aliombwa na ukumbi wote agombee. Na mimi, ambaye sikuombwa na mtu.

Bi Fatema, sitini na nne. Quincy Okinyi, mbili.

Mbili! Moja ni yangu. Nikageuka kumtazama Selpher kwa shukrani, macho yamenijaa. Akanitazama bila kupepesa.

"Baba Lavender, mimi nimempigia Fatema. Na ningepewa karatasi mbili, ningempigia mara mbili."

Sasa nani? Nilizunguka ukumbi nikitafuta uso wa huyo mtu. Mwisho Musembi akanivuta kando, karibu na birika za chai. Alikuwa anaangalia viatu vyake. Akasema ni yeye. Akasema alijua nitapata moja tu, na akafikiria itakavyosomwa kwa sauti mbele ya watu wote, akaona aibu kwa niaba yangu.

Nilitaka kumjibu kitu kikali. Nikamshika mkono badala yake. Tukamiminiana chai. Chai ilikuwa nzuri.

Kisha Kinara Fatema akatangaza kamati mpya. Kila Jumamosi chama kitaweka meza Dagoretti Corner na watu wataleta malalamiko yao. Musembi atayaandika. Mimi nitayasikiliza, na nitayafuatilia hadi yajibiwe. Cheo changu: Mratibu wa Malalamiko. Nikasubiri aseme naibu. Hakusema! Miaka tisa! Selpher ndiye aliyeanza kupiga vigelegele, na hapo, kusema kweli, ndipo nililia. Mara hii jino halikuwepo la kusingizia.

Jumapili, 2 Oktoba

Kanisani nimetoa shukrani mbele ya waumini. Mchungaji alitenga dakika mbili, nikatumia kumi na moja. Nimeshukuru kwa chama kubaki hai. Kwa Wakili, ambaye leo asubuhi ameniandikia ujumbe kwamba amelala usiku mzima kwa mara ya kwanza tangu Agosti. Kwa kinara wetu. Kwa Musembi, jina kamili. Kwa mke anayesema ukweli hata usipoulizwa.

Tukiwa njiani kurudi nimemwahidi Selpher kwamba yamekwisha. Hakuna tena mipango ya chini kwa chini, hakuna kuhesabu watu viganjani. Nimetulia. Mimi ni mtu mpya. Amenishika mkono hadi kwenye lango la nyumba.

Saa kumi nimeshuka kutupa takataka. Pale ubaoni kuna tangazo. Mwenyekiti wa kamati ya wakazi wa jengo letu anahamia Rongai, na uchaguzi ni Jumapili ijayo. Mwenyekiti! Ndiye anayeamua maji yafunguliwe saa ngapi na gari la nani liegeshwe kivulini!

Nimepita milango tisa kabla chai haijapoa. Kila mtu amenisikiliza, akatabasamu, akasema, "Sawa, mzee, tutaona."

Tutaona! Milango tisa, kura tisa. Nimeshaanza kuandika hotuba ya kuwashukuru.